Sayansi Mtaani: Mihadhara, Maonyesho na Usiku wa Nyota kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

Mkazi wa Kongo, Kawangware, anayetaka kujua mvua inavyopimwa na kutabiriwa hahitaji kwenda mbali. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, na anaweza kufika kwa miguu. Mkazi wa Kibera naye ni jirani wa Uwanja wa Maonyesho wa Jamhuri, ambako watafiti wa kilimo na afya huweka mabanda yao mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, wapo wakazi ambao wamepita kando ya malango haya miaka nenda miaka rudi bila kuingia, wakidhani kwamba yaliyomo ni ya wasomi pekee.

Makala haya yanaeleza shughuli za sayansi zilizo wazi kwa umma jijini Nairobi, faida yake kwa mkazi wa kawaida, na jinsi kikundi cha mtaani kinavyoweza kuandaa shughuli kama hiyo chenyewe.

Sayansi ya hadhara ni nini?

Ni mkutano wowote ambapo mtaalamu na mwananchi hukutana nje ya darasa, na mwananchi akawa na nafasi ya kuona, kugusa na kuuliza. Unaweza kuwa maonyesho ya wanafunzi, matembezi ya kutazama ndege, usiku wa darubini uwanjani, au mazungumzo kwenye mkahawa watu wakinywa chai.

Mtindo wa mkahawa ulianza mjini Leeds, Uingereza, mwaka 1998, pale Duncan Dallas alipoanza kuwaalika wanasayansi kwenye mkahawa wa kawaida. Mgeni huzungumza kwa muda mfupi, kisha muda mwingi hubaki kwa maswali ya waliohudhuria. Mtindo huo ulifika Kenya katika muongo uliofuata, na magonjwa kama malaria na Ukimwi yakawa miongoni mwa mada zake.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa sayansi nafasi yake. Kifungu cha 11 kinaitaka Serikali kutambua mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Jedwali la Nne nalo linaweka maktaba, makumbusho na bustani za kaunti miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hivyo mkazi anayeingia kwenye shughuli hizi hafanyiwi hisani. Anatumia kilicho chake.

Mvua ya chumba cha futi 10 kwa 10

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba jijini. Kwa wanaoishi karibu na Mto Motoine, ambao hupita ukingoni mwa Kibera na kumwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi, tangazo la mvua kubwa linaweza kuamua iwapo familia italala nyumbani au itahamia kwa jamaa. Lakini tangazo lisiloeleweka halimsaidii mtu.

Hapa ndipo onyesho dogo linapofaa. Idara ya Hali ya Hewa hupima mvua kwa milimita. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina paa la takriban mita 9.3 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo moja humwaga takriban lita 465, yaani zaidi ya mitungi 23 ya lita 20. Vyumba 1,000 vya ukubwa huo vikimwaga maji kwenye mtaro mmoja, hizo ni lita 465,000. Mtaro ukiwa umeziba kwa taka, kila aliyehudhuria anaweza kujijibu maji hayo yatakwenda wapi.

Jambo la pili linalohitaji maelezo ni uwezekano. Watabiri wakisema kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua kubwa, maana yake ni kwamba hali kama hiyo ikitokea mara 10, mvua hunyesha takriban mara 7. Zile mara 3 isiponyesha si ushahidi kwamba watabiri walidanganya. Vilevile, wakisema msimu wa masika utakuwa na mvua "juu ya wastani", wanalinganisha na misimu ya miaka mingi iliyopita, wala hawasemi kwamba itanyesha kila siku.

Kibera imeshajaribu njia ya kuziba pengo hili. Kupitia mradi wa DARAJA, Idara ya Hali ya Hewa ilishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative na wakazi ili utabiri utolewe kwa lugha nyepesi na uwafikie watu kupitia njia wanazoziamini mtaani. Mradi kama huo uliendeshwa pia Dar es Salaam. Redio za jamii, kama Pamoja FM ya Kibera na Mtaani Radio ya upande wa Dagoretti, ni majukwaa mazuri kwa mazungumzo ya aina hii, kwa kuwa msikilizaji anaweza kupiga simu na kuuliza papo hapo.

Machi 23 ya kila mwaka ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Huangukia mwanzoni mwa masika, wakati mwafaka wa shule na vikundi kuomba mtaalamu wa kuzungumza nao.

Chupa juu ya bati

Onyesho jingine linahitaji chupa ya plastiki tu. Shirika la Kenya Water for Health Organization (KWAHO) liliwafundisha wakazi wa Kibera kusafisha maji ya kunywa kwa mwanga wa jua. Chupa angavu isiyozidi lita 2 hujazwa maji, hufungwa na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakitanda, huachwa kwa siku 2 mfululizo. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiwa na joto, huua vijidudu vingi vinavyosababisha kuhara.

Anayeendesha onyesho hili anapaswa kueleza masharti yake pia. Maji yenye tope huzuia miale. Kipimo chake ni rahisi: chupa husimamishwa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, na mtu hutazama kutoka juu kupitia mdomo wa chupa. Herufi zisiposomeka, maji yachujwe kwanza. Njia hii haiondoi kemikali wala mafuta. Na maji yakishakuwa tayari, ni heri yanywewe kutoka kwenye chupa ileile, kwa sababu kikombe kichafu hurudisha vijidudu. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, mkazi afuate maagizo ya maafisa wa afya kuhusu kuchemsha maji au kutia klorini.

Je, wataalamu walijuaje kwamba jua linafanya kazi hiyo? Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kati ya watoto wa jamii ya Wamaasai. Kundi moja lilikunywa maji ya chupa zilizowekwa juani, na kundi la pili maji ya chupa zilizowekwa ndani ya nyumba. Watoto wa kundi la kwanza walipata visa vichache vya kuhara. Hilo ndilo jaribio la kisayansi kwa ufupi: makundi mawili yanayofanana, na tofauti moja tu kati yao. Mkazi akishalielewa, atakuwa na silaha dhidi ya mchuuzi wa dawa anayesema "jirani yangu alikunywa akapona". Jirani mmoja si makundi mawili.

Choo kinachopika chai

Kijijini Gatwekera na sehemu nyingine za Kibera, shirika la Umande Trust na vikundi vya wakazi walijenga vituo ambavyo chini vina vyoo na bafu, na juu vina nafasi ya mikutano na biashara. Kinyesi huingia katika tangi la chini ya ardhi lisilopitisha hewa. Humo, bakteria wanaoishi bila oksijeni hukivunjavunja na kutoa gesi ya methani, ambayo hupelekwa jikoni.

Kwa mwanafunzi, hili ni somo la kemia na biolojia linaloonekana kwa macho. Kwa mzazi, ni somo la bajeti ya makaa. Ziara ya saa moja kwenye kituo kama hicho, kwa mpango na kikundi kinachokiendesha, huzua maswali mengi. Lile linaloulizwa kwa kunong'ona, kwamba je, chakula hakinuki, lina jibu la moja kwa moja: gesi hiyo huungua kama gesi nyingine ya kupikia, na kinachofika kwenye sufuria ni joto.

Wakazi wakiwa watafiti

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichukua vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakatembea vichochoroni na kurekodi vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule na njia. Mradi huo, uitwao Map Kibera, uliweka mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap wakati ambapo kwenye ramani nyingine Kibera ilikuwa kama pahali patupu.

Si jambo dogo. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora ramani ya vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona vimekusanyika karibu na bomba moja la maji. Ramani ilionyesha kile ambacho macho ya mpita njia hayakuona.

Wakazi wa Kibera wamechangia sayansi kwa njia nyingine pia. Katika vijiji vya Soweto na Gatwekera, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI) na washirika wake wa Marekani wamefuatilia magonjwa ya kuambukiza kwa miaka mingi, familia zikikubali kutembelewa na kuulizwa maswali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutokana na kazi hiyo ulionyesha kuwa homa ya matumbo ilikuwa tatizo kubwa Kibera, hasa kwa watoto. Ushahidi wa aina hii ndio unaotumiwa duniani kuamua nani apewe chanjo. Mnamo Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14.

Ndiyo maana mihadhara ya hadhara ina uzito wa pekee katika mitaa hii. Familia iliyojibu maswali ya watafiti inastahili kurudishiwa majibu, kwa lugha inayoielewa na pahali inapoweza kufika.

Mbingu ya Nairobi

Hakuna shughuli inayokusanya watoto upesi kama darubini. Shirika la Travelling Telescope, lililoanzishwa na mwanaastronomia Mkenya Susan Murabana na mumewe Chu Owen, huzunguka shuleni na mitaani likiwa na darubini na kuba la kupulizwa linaloonyesha nyota hata mchana. Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo mkazi wake huona nyota za kaskazini na za kusini pia, jambo ambalo watu wa nchi za mbali hulitamani. Wazee wa Waswahili walizisoma nyota hizi bila darubini. Kundi la nyota waitalo Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, kwa kuwa liliwaonyesha majira ya kushika jembe.

Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa kikamilifu, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako tukio hilo lilionekana. Kupatwa kwa mwezi hutazamwa kwa macho matupu bila hatari yoyote. Kupatwa kwa jua ni jambo tofauti, na tarehe moja inafaa kuandikwa kwenye kalenda sasa: Agosti 2, 2027. Siku hiyo jua litapatwa kikamilifu Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia, na Nairobi sehemu ya jua itafunikwa.

Hatari iliyopo ni kwa macho. Utando wa ndani ya jicho hauhisi maumivu, kwa hivyo mtoto anaweza kuuchoma kwa jua bila kujua, akagundua baadaye kwamba haoni vizuri. Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na beseni la maji havimkingi mtu. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua, iliyoidhinishwa na isiyokwaruzika. Njia isiyo na gharama ni kutoboa tundu dogo kwenye kipande cha katoni, kulipa jua kisogo, na kutazama taswira ya jua inayoanguka kwenye karatasi nyeupe. Hata chujio la jikoni hutoa jua dogo kwa kila tundu. Walimu na viongozi wa vijana wana muda wa kutosha wa kufanya mazoezi ya somo hili kabla ya siku yenyewe.

Safari za kupanda matatu

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1930. Humo mgeni hujifunza kuhusu Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Aliyegundua mabaki hayo mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ni Kamoya Kimeu. Hakusomea fani hiyo chuo kikuu. Alianza kama kibarua wa kuchimba, akawa miongoni mwa wagunduzi wa mabaki ya kale wanaoheshimiwa zaidi duniani.

Kwenye Makumbusho hayo ndiko huanzia matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 na ambayo huandaliwa na Nature Kenya. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na anayeanza hujifunza kutoka kwa aliyetangulia.

Kwa wanafunzi, kuna mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za upili, yanayoanzia ngazi ya chini hadi ya kitaifa, na maonyesho ya Young Scientists Kenya, yanayoungwa mkono na Serikali ya Ireland. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, na mkondo mmoja ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni vigumu kwa mtoto kuchagua kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya.

Asiye na nauli ana maktaba. Kibera ina maktaba ya umma chini ya Huduma ya Taifa ya Maktaba. Kaunti nayo inamiliki maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 katikati ya jiji, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Kuandaa mhadhara mtaani

Kikundi cha vijana, akina mama, kanisa, msikiti au shule kinaweza kuandaa shughuli ndogo kwa kufuata hatua hizi:

1. Kuchagua swali moja linalowagusa wakazi. "Kwa nini watoto wetu huharisha mvua ikianza?" litajaza ukumbi kuliko "Mhadhara kuhusu mikrobiolojia".
2. Kumwalika mzungumzaji kwa barua mapema, kupitia taasisi yake, na kumweleza lugha ya wasikilizaji. Kiswahili kitangulie. Palipo na viziwi, mkalimani wa lugha ya ishara atafutwe.
3. Kutafuta ruhusa ya ukumbi au uwanja kutoka kwa anayeusimamia, na kumjulisha chifu. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe notisi ya mkutano wa hadhara kati ya siku 3 na 14 kabla. Shughuli ya usiku, kama ya darubini, izungumzwe naye mapema zaidi kwa ajili ya usalama.
4. Kuwaarifu wahudumu wa afya ya jamii, ambao huingia katika kila nyumba na hujua ni nani angependa kuhudhuria.
5. Kuacha angalau nusu ya muda kwa maswali.

Mkazi naye asiende kusikiliza tu. Yapo maswali manne anayoweza kumuuliza mtaalamu yeyote bila kuonekana mtovu wa adabu: Mmejuaje hivyo? Nani aligharamia utafiti? Ni wakati gani njia hii haifanyi kazi? Na sisi hapa Kongo, au Laini Saba, au Lindi, tufanye nini kuanzia kesho?

Mtaalamu mzuri atayajibu yote manne, na asilolijua atasema halijui. Vikundi vinavyotaka kuanza vinaweza kulenga Novemba 10, Siku ya Sayansi Duniani kwa Amani na Maendeleo, na kufika katika ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo iliyo karibu kuulizia kumbi na viwanja vya umma.